Bega la Nne

Bi Semeni binti Uweso aliosha maiti za wanawake wa Pangani tangu mumewe yu hai, na kwa kazi hiyo alikwisha kuzoea harufu nyingi. Alizoea harufu ya chumba kilichofungwa madirisha, ya kidonda kilichooza, ya mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kugeuzwa. Hakuna iliyomtia kinyaa. Kilichomtia kinyaa mwaka ule wa hamsini na saba, hata chakula kikawa hakimshuki, kilikuwa harufu ya kahawa ya bure iliyotoka barazani kwa Idarusi kila Ijumaa baada ya sala.

Idarusi alikuwa mfanyabiashara wa mbata, nazi zilizokauka. Alikuwa na maghala mawili na alitaka la tatu, na mahali alipopataka ni pale mtoni, penye vibanda vya Wapemba. Pangani nzima ilijua. Ilijua pia kwamba babu yake Idarusi mwenyewe alishuka pwani hii kutoka Shihiri, Uarabuni, na kikapu cha papa mkavu kichwani, akapewa pa kulala, na baadaye akapewa na mke. Lakini mtu akishakunywa kahawa yako vikombe vitatu, hukumbuka yale tu unayotaka ayakumbuke.

Wakajiita Jumuiya ya Wenye Mji. Wakachagua mwenyekiti, naye akawa Idarusi. Wakachagua katibu, naye akawa Zubeiri mwenye duka la nguo. Wakakata tepe za kijani za kubandika kifuani, maana mtu mzima naye hupenda kubandikwa kitu. Walianza na usafi, na nani atasimama apinge usafi? Ikasemwa kwamba Wapemba wanatupa matumbo ya samaki mtoni, kana kwamba wenyeji huyavika sanda na kuyasomea. Ijumaa nyingine ikasemwa kwamba maji ya kisima yananuka tangu wageni waanze kuteka. Kisha wakaja na uchawi, na siku hiyo kahawa ilitiwa tangawizi. Mwisho wakaja na mtoto wa Muheza.

Huyo mtoto wa Muheza, walisema, alikamatwa na Wapemba, akanyonywa damu, akatupwa kwenye mkonge. Habari zake zilisimuliwa vizuri sana. Nguo aliyovaa ilijulikana, na namna alivyolia ilijulikana. Kilichokosekana ni jina lake na la baba yake tu. Bi Semeni alimwuliza muuza machungwa aliyeteremka na basi kutoka huko huko Muheza, na yule bwana akashangaa, maana kwao walikuwa wakisema mtoto yule alikuwa wa Pangani. Bi Semeni akaenda kulisema hilo barazani, akidhani atawatua watu mzigo. Zubeiri akamtazama kwa upole na kumwambia, “Basi ni wawili, bibi.” Jua halijatua, watoto mitaani walikuwa wakiimba juu ya watoto wawili.

Kilichomuuma zaidi ni Sabiha, mdogo wake wa tumbo moja. Sabiha ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa Jumuiya. Alijaliwa sauti nzuri tangu utotoni, na sasa sauti ile ilitiwa kazini kuwapiga Wapemba vijembe kwenye harusi, kwenye hina, hata kwenye kisomo. Wanawake waliokuwa jana wakiazimana chumvi na Mwanamwema wakawa wanamgeuzia uso njiani. Wengine walitema mate, kisha wakachungulia pembeni kuona kama Sabiha ameona.

Mwanamwema alikuwa mke wa Hamad, mkwezi wa minazi kutoka Wete. Alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Alizoea kuja kusuka ukili wa mikeka na Bi Semeni ukumbini, akisuka haraka na kucheka haraka, na hata mji ulipomnunia hakuacha kuja. Alikuja kwa njia ya nyuma. Alisema hataki kumtia bibi yake matatani, na Bi Semeni, kwa aibu yake yote, hakumwambia apite mbele.

Ndipo Jumuiya ikatoa agizo. Mpemba asiuziwe, asiazimwe, asihudumiwe. Vijana wenye tepe wakawa wanakaa kwenye kona wawili wawili, hawampigi mtu, hawasemi neno, wanatazama tu nani anaingia wapi. Wapemba wengi walifunga vyombo vyao wakavuka kwa pantoni kwenda Bweni, na kutoka huko kila mtu akashika njia yake. Hamad hakuweza kuondoka. Mkewe alikuwa amekaribia kujifungua.

Alikuja kwa Bi Semeni asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linachomoza, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, Hamad. Mwenzio hajambo?”

“Nke wangu kafa, bibi.”

Alieleza kwa maneno machache. Uchungu ulimshika mkewe tangu jana mchana, akamkimbilia mkunga. Mkunga alitoka mpaka kizingitini, mkoba wake umo kwapani, akatazama kona. Vijana wawili wenye tepe walikuwa wamekaa pale wakila karanga. Mkunga akasema tumbo lake mwenyewe linamsokota, akarudi ndani. Hamad akahangaika kutafuta gari la kumpeleka mgonjwa hospitali, kila mwenye gari akawa na tairi bovu. Kulipokucha hakukuwa tena na mgonjwa wa kupelekwa.

“Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,” alisema Bi Semeni. “Na mtoto?”

“Hakutoka.”

Mwanamke akifa na mtoto tumboni ni shahidi. Hata mtoto anayeanza chuo cha Kurani analijua hilo, na wale waliokuwa wakila karanga kwenye kona walisoma chuo kimoja na wenzao wote. Bi Semeni alitia buibui lake kichwani akaenda moja kwa moja dukani kwa Zubeiri kutafuta bafta ya sanda.

“Bafta imekwisha,” alisema Zubeiri.

Jora la bafta lilikuwa juu ya rafu, nyuma ya kichwa chake, jeupe, halijafunguliwa.

“Na ile?”

“Ile imewekwa.”

“Imewekewa nani?”

“Wenye mji, bibi.” Alisema hivyo huku akipanga vifungo kwenye kisahani, wala hakuona haya.

Bi Semeni hakubishana. Alirudi kwake, akafungua sanduku, akatoa sanda yake mwenyewe. Wazee wa pwani wengi huiweka mapema, na yake ililetwa kutoka Makka na binamu yake, imechovywa maji ya zamzam, na kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani aliitoa akaianika kidogo, akaikunja tena. Alisita nayo mkononi, maana hakuwa malaika. Aliipenda sanda ile. Kisha akaichukua, na pamoja nayo kafuri, pamba na majani ya mkunazi, akamwita kijana wa mkokoteni ampelekee mtoni ubao wa kuoshea maiti.

Nyumbani kwa Hamad walikuwepo wanaume watatu tu: Hamad mwenyewe, Mjaka mdogo wake, na mzee Mselem, Mpemba aliyekuja Pangani zamani kabla hata Idarusi hajazaliwa. Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Kuosha maiti kunataka watu wawili, mmoja aoshe, mwingine amimine maji, na Bi Semeni alikuwa bado anawaza nani wa kummiminia alipomwona Sabiha akiingia uani na wanawake wengine wawili. Damu ni damu, alijiambia, kumbe mdogo wangu bado yumo humo ndani.

“Afadhali umekuja,” alisema. “Shika kata.”

“Nimetumwa, dada,” alisema Sabiha. “Ubao huo ni wakfu wa msikiti. Jumuiya wanasema urudi. Na jeneza msilifuate, limefungiwa, ufunguo anao mwenyekiti.”

Wale wanawake wawili walikwisha kuushika ubao.

“Sabiha, huyu ni mwanamke mwenye mtoto tumboni.”

“Si mie niliyempa mimba.”

Mmoja wa wale wanawake alicheka puani. Hamad alikuwa amesimama palepale, anasikia yote.

“Nakwambia kwa kuwa we dada yangu,” Sabiha aliendelea, na sauti yake ilikuwa tamu vilevile kama kwenye hina. “Ukimwosha huyo, hakuna nyumba itakayokuita tena. Na wewe huna mtoto. Siku yako ikifika, tutaona nani atakushika.”

Bi Semeni alimtazama. Alitazama utepe wa kijani uliobandikwa kifuani kwa pini, umeshonwa kwa uzi mzuri wa hariri, kazi ya mkono wa Sabiha mwenyewe. Aliwaza usiku ule aliokaa akichagua uzi. Kinyaa kikamshika, yeye aliyegeuza maiti walioharibika bila kufumba pua.

“Toka uani kwa watu,” alisema.

Walipoondoka na ubao wao, alimwambia Mjaka ang'oe mlango wa chumba, wakaulaza juu ya mawe. Kisha akamgeukia Hamad.

“Utamimina wewe.”

“Mie mwanamume, bibi.”

“Wewe mumewe. Sheria inakuruhusu. Shika kata, usitetemeke, na ukitetemeka pia mimina.”

Wakamwosha wawili. Bi Semeni alianza upande wa kulia, akimfunika kila alipomaliza, na alipofika tumboni hakumbinya kama anavyofanywa maiti mwingine. Mwenye mimba tumbo lake huachwa. Alipitisha kiganja juu juu tu, polepole, na Hamad akageuza uso huku maji yakiendelea kutoka katani. Kuosha maiti ni faradhi ya mji mzima. Akiifanya mmoja, wengine wote wamesalimika. Asipopatikana wa kuifanya, dhambi inaingia kila nyumba. Kwa hiyo kila kata iliyomwagwa pale ilikuwa inamwokoa Zubeiri pia, na mkunga, na wale wala karanga, na Sabiha. Jambo hilo lilimkera Bi Semeni kuliko yote. Lau ingewezekana kumwosha Mwanamwema na kuwaachia wao dhambi yao, angefanya hivyo kwa furaha.

Mjaka alitumwa kumwita imamu aje kusalisha. Alirudi peke yake. Imamu amepatwa na mafua, sauti haitoki. Basi wakasali wao watatu uani, mzee Mselem mbele. Wakachukua kitanda cha kamba, wakakigeuza miguu juu, wakamlaza Mwanamwema ndani yake katika sanda ya Bi Semeni, na juu ya miguu ile wakatandaza kanga zake. Mjaka na mzee Mselem walishika mbele. Hamad alishika nyuma peke yake, katikati, kichwa kimeinama. Kitanda kikaondoka kikiyumba.

Mwanamke hafuati jeneza, na Bi Semeni alikusudia kubaki. Lakini njia ya makaburini ilipita mbele ya baraza la Idarusi, na roho yake haikutulia. Akawafuata kwa mbali, akijibanza kwenye kuta, mpaka kona ya mwisho.

Ilikuwa Ijumaa, na baraza lilikuwa limejaa. Vikombe vilikuwa mikononi, tepe vifuani, na Zubeiri alikuwa akisoma jambo kwa sauti. Mzee Mselem akatokeza mtaani na kitanda begani, akiita kwa sauti yake ya kizee: “La ilaha illa Llah.”

Wanaume wakainuka.

Katika mji ule jeneza likipita watu huinuka, na si jambo la kufikiriwa. Mtoto humwona baba yake akiacha kikombe na kukimbia kutia bega, naye akikua hufanya vivyo hivyo, awe anamjua maiti au hamjui. Unabeba kidogo, unamwambia wa karibu yako, “Nipokee,” anakupokea, unasogea. Wa kwanza kuteremka barazani alikuwa Jumbe, seremala, mtu wa miraba minne, ambaye mama yake alioshwa na Bi Semeni mwaka uliopita. Aliweka kikombe chini, akaja mbio, akamwondolea Hamad mzigo kwa upole kabisa. Wengine wakamfuata. Mabega yakajaa pande zote, kitanda kikapanda juu, kikanyooka, na kalima ikaitikiwa na mtaa mzima kama inavyoitikiwa kwa mtu yeyote. Hamad alisogezwa pembeni. Alisimama mikono mitupu, akalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Bi Semeni aliegemea ukuta. “Alhamdulillahi,” alisema kwa sauti. Alidhani imekwisha. Alidhani kahawa yote ile na Ijumaa zote zile hazikuingia ndani, zimekaa juu juu tu, na chini yake watu wa Pangani ni walewale.

Idarusi hakupiga kelele. Aliinuka kitini taratibu, akasimama ukingoni mwa baraza.

“Jumbe,” aliuliza, “mmembeba nani?”

Jumbe alitazama kanga. Alimtazama Hamad. Kisha akainamisha macho kifuani pake, kwenye utepe, na Bi Semeni aliona, kwa macho yake, jinsi mtu anavyogeuka kuwa mbaya mchana kweupe. Ni jambo jepesi sana. Uso haukukunjamana, mdomo haukusema kitu. Bega lilitoka tu chini ya mti wa kitanda, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine. Likatoka la pili. Yakatoka yote. Hakuna aliyesema “Nipokee.”

Mjaka alijitupa chini ya kitanda asikiache kianguke. Pembe ya kitanda ikamshukia mguuni, akapiga yowe, na kitanda kikalala upande. Mwanamwema akateleza mpaka nusu yake ikawa nje, na sanda nyeupe ikakwaruza vumbi la barabara mbele ya wanaume wazima waliokuwa wakijifuta mabega ya kanzu zao. Walikuwa wakijifuta! Na huko nyuma ya baraza kuna mtu alicheka.

Bi Semeni hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Alipiga magoti, akamrudisha Mwanamwema kitandani kama mwanawe, akamkung'uta vumbi kwa ncha ya buibui, akamfunga upya kichwani na miguuni. Vumbi halikutoka lote. Hakumtukana mtu. Alikuwa na matusi ya kutosha, lakini aliona hata tusi ni kitu kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Hamad alishika mbele, mzee Mselem akashika ubavuni mwake. Mjaka alichechemea akashika pembe moja ya nyuma, meno yamekazana, mguu hata haukanyagi. Peke yake huko nyuma asingeweza. Pembe ya nne ilikuwa tupu, na barabara imejaa wanaume.

Bi Semeni akajifunga buibui kiunoni, akainama, akatia bega. Wakainuka.

Hapo ndipo mji ulipopata sauti.

“Astaghafirullah!” alisema Zubeiri, na mikono ikapanda kichwani. “Mwanamke kubeba jeneza!”

“Haijapata kutokea!”

“Haramu hiyo, bibi! Haramu kabisa!” Huyo alikuwa imamu, aliyetokeza kutoka ndani kwa Idarusi na kikombe chake mkononi, na sauti yake ilikuwa inatoka vizuri mno. Kutoka dirishani juu ya baraza Sabiha alikuwa akilia kwa hasira, “Dada, unatuaibisha! Dada, unatuvunjia heshima!” Wote walikuwa na la kusema. Wale walionyamaza mkunga aliporudi ndani, wale walionyamaza mwanamke na mtoto wake walipobwagwa barabarani, sasa walikuwa wakitetemeka kwa uchungu wa dini.

Bi Semeni alisimama. Mti ulikuwa unamla mfupa wa bega, na jasho linamwingia machoni. Alimgeukia Jumbe, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, mikono mikubwa ikining'inia.

“Kweli wasemavyo, mwanangu,” alimwambia. “Si kazi yangu hii. Haya, nipokee.”

Jumbe alimtazama Idarusi.

Bi Semeni alingoja. Alizungusha macho kutoka uso mmoja hadi mwingine, akimpa kila mmoja nafasi yake, watoto wa wanawake aliowaosha, na kila uso aliofika ulipata kitu cha kutazama chini. Vumbi lilikuwa limetulia. Barazani kahawa ilikuwa bado inatoa moshi.

“Twende, Hamad,” alisema, wakaenda.